Miaka Yangu Neuf mu Kaburi ya Auderghem

Siku ya kwanza ya kazi nilisalimia maiti. Sikukusudia. Chef wa bagardien, balinzi ba makumbusho, muzee mumoja wa sharubu nyeupe, alikuwa ameniambia kama gardien muzuri anasema bonjour kwa kila muntu eko mu salle. Basi niliingia mu salle ya Misri, nikaangalia, nikaona muntu mumoja tu, amelala mu sanduku ya kioo, amefungwa bitambaa toka kichwa mpaka vidole. Nikasema, "Bonjour, papa." Chef alikuwa nyuma yangu. Akanijibu kama ule ni maman.

Nilikuwa na miaka vingt-cinq, ishirini na tano. Leo, kisha miaka neuf, tisa, niko na trente-quatre na nimestaafu. Musinicheke. Docteur wa kazi alisikiliza mapafu yangu, akasikia vumbi ya plâtre, plasta ya kuta, inaimba mule ndani, akaandika barua kama huyu bwana asikanyage tena mu atelier, karakana yetu. Kama kuacha kazi na barua ya docteur si kustaafu, basi sijui kustaafu ni nini. Sasa nashinda mu salon ya dada yangu mu Galerie d'Ixelles, najibu téléphone na kusumbua banamuke benye banasukwa. Vijana banapita pale, banauliza: donc, grand, ulikuwa unafanya kazi gani kabisa? Nikisema nilikuwa mupaka rangi wa makaburi ya Misri, banaona nabadanganya. Alors naandika vile ilikuwa, ili wenye banatafuta kazi bajue kama Bruxelles iko na kazi zenye hata conseiller wa chômage, mwenye anatafutia bantu kazi, hajui.

Musée yenyewe sitaitaja. Ni ndogo, ya bantu binafsi, na bagardien balikuwa trois. Kazi ya gardien ni kusimama. Ukisimama saa huit, masaa nane, na maiti, unafanya moja kati ya mbili: unalala na macho wazi, ama unaanza kujiuliza maswali. Miye nilisoma mpaka sixième primaire, darasa ya sita tu, pale Kadutu, Bukavu, lakini kusoma najua. Kila kitu kilikuwa na kakaratasi yake ya maelezo. Nilisoma kakaratasi moja kwa siku, pole pole, na jioni nilikuwa naifikiria mu bus.

Njo vile nilijua kama Wamisri balikuwa banakaa na maiti siku soixante-dix, sabini, mbele ya kumuzika. Soixante-dix. Kwetu matanga ya siku sept, saba, inamaliza unga ya avenue nzima. Bantu ba kazi balikuwa banatoa ubongo kupitia pua na kachuma, banautupa, juu baliona haina faida. (Niko na bandugu benye wangekubali.) Tumbo, mapafu, maini, banaweka mu vyungu. Lakini moyo banauacha mahali pake, juu kule marehemu anaenda, moyo njo itaulizwa maswali. Niliposoma ile nilisimama mbele ya ule maman mpaka musée ikafunga. Nilitaka kujua alijibu nini.

Nilikaa gardien mwaka moja na kitu. Kisha mvua iliingia mu ukuta ya salle, rangi ikaanza kutoka kama ngozi ya muhogo. Madame la Directrice, mukubwa wa musée, aliita compagnie ya peinture, compagnie ikasema mwezi ijayo. Miye, mbele ya kukimbia vita, nilikuwa mupaka rangi ya nyumba Bukavu. Nikaomba ruhusa. Nilikwangua, nikakausha, nikapiga enduit, ile plâtre laini yenye inajaza mashimo na kusawazisha, nikapaka mara mbili. Madame alipitisha kidole. Alikuwa mwanamuke murefu, wa maneno machache, wa kuvaa nguo ya rangi moja toka shingo mpaka chini. Aliniuliza kama naogopa makaburi. Nikamwambia kama hakuna mwenye amelala ndani, siogopi.

Njo nikatumwa Auderghem, pembeni ya muji.

Unapanda métro mpaka terminus, kisha unatembea kidogo kuelekea forêt, musitu. Musée ilikuwa na hangar, ghala kubwa, kule, na mu hangar balikuwa banajenga kaburi. Kaburi ya kweli iko Misri, imechimbwa mu mwamba, ya karani moja mwenye alikuwa anachunga ghala ya ngano. Bantu balipumua sana mule ndani, jasho na pumzi zikaharibu rangi, serikali ya kule ikafunga. Basi musée yetu ilikuwa inafanya ingine, copie, kipimo kwa kipimo, ili bantu bapumulie ile.

Patron wa atelier alikuwa Padri. Mubeleji, missionnaire wa zamani. Alifanya miaka trente Kivu, kisha alirudi, akasoma mambo ya Misri kwa université na ndevu zimekwisha kuwa nyeupe. Kiswahili yake ilikuwa safi kuliko yangu, ile ya kanisa, haina hata vumbi. Nilimukuta amekalia ndoo ya plâtre, mikono mu mifuko.

"Umejifunza wapi kupaka?" aliniuliza.

"Kadutu, Mon Père."

"Najua Kadutu. Kuta za kule bado zimesimama?"

"Zenye nilipaka mimi, ndiyo."

Alicheka, akatoa mikono mu mifuko, na pale njo niliona kwa nini alikuwa anaificha. Ilikuwa inatetemeka. Macho yake ilikuwa inaona kila kitu, kichwa kinajua kila kitu, lakini mikono ilikuwa imekataa kazi. Alihitaji mikono ya mutu mwingine. Bon, miye nilikuwa na miwili na nilihitaji kazi.

Sasa munisikilize vizuri, juu hapa njo ufundi.

Unaanza na ukuta. Wamisri balipaka udongo wa kuchanganya na majani makavu, sawa na nyumba ya koko, nyanya wangu, kisha juu yake plâtre laini. Ikikauka, muntu moja anashika kamba hapa, mwingine pale. Kamba imechovywa mu rangi nyekundu ya udongo. Banaivuta, banaifinya, banaiachilia, pah, mustari. Banapiga mistari ya kusimama na ya kulala mpaka ukuta yote inakuwa carreaux, miraba midogo, kama cahier ya calcul. Muntu mwenye amesimama anakula carreaux dix-huit, kumi na nane, toka kisigino mpaka pale nywele zinaanzia. Si dix-sept, si dix-neuf. Goti iko na carreau yake, bega iko na yake. Unamuchora kwanza na nyekundu. Kisha mukubwa wa kazi anapita na nyeusi, anasahihisha. Mu ile kaburi, mahali kazi haikuisha, unaona kabisa: mwanafunzi alichora mukono ya nyekundu murefu sana, na mukubwa akaja, akaukata na nyeusi. Miaka elfu na elfu, na bado tunaona mutoto wa bantu alivyogombezwa.

Nyeusi ni masizi. Nyekundu na manjano ni udongo. Nyeupe ni jiwe ya kusaga. Bleu haikukuwako mu udongo, basi baliipika: muchanga, shaba na chokaa mu tanuru, mpaka inakuwa kioo ya bleu, kisha banaisaga. Gundi ni utomvu wa muti. Burashi ni kijiti cha nyuzi chenye unatafuna ncha. Nilitafuna vingi. Maman Furaha, mwenye alikuwa anafanya usafi pale, aliniuliza kama atelier hainilishi.

Na niliuliza maswali, Mungu anisamehe, mpaka Padri akaniwekea kipimo ya maswali cinq, tano, kwa siku. Kwa nini uso unaangalia pembeni na jicho linaangalia mbele? Juu banataka kila kiungo ionekane vizuri, yenye haionekani marehemu hatakuwa nayo kule. Kwa nini mulango huu umechorwa na haufunguki? Juu ni mulango wa marehemu, anatoka pale kuja kula. Kwa nini banaandika mikate mille, elfu moja, bière mille, na hakuna mukate? Juu ukitamka, inakuwa. Na kwa nini maadui balikwangua uso na jina ya muntu ku ukuta? Kwa ile Padri alisema kama picha na jina njo vilikuwa vinamuweka muntu hai kule. Ukivifuta umemuua mara ya pili, na ya pili haina dawa.

Kwa hesabu ya Padri, mafunzo yangu ilikuwa ya mwaka moja. Nilikuwa na contrat, mukataba ya kazi, ya miezi trois trois, yenye banaongeza kila mara, kama soksi ya kushonwa tena na tena. Kisha Madame alikuja Auderghem, akasimama mbele ya ukuta ya mwisho, ya mazishi, ilikuwa bado nyeupe. Akasema: ile itakuwa yako peke yako. Ukiimaliza na nikiikubali, unapata contrat isiyo na mwisho. Isipokubalika, tutaachana vizuri. Na akaongeza sheria yake, yenye alikuwa anasema kila mara: "Copie ni copie. Hata kosa yao, tunaichora."

Contrat isiyo na mwisho. Mwenye amekuwa mukimbizi anajua ile neno uzito yake. Njo karatasi mwenye nyumba anataka kuiona mbele ya kukupa clé ya mulango. Usiku nilikuwa naitamka kitandani sawa vile Wamisri balitamka mikate.

Ile ukuta ilionyesha siku ya kuzika karani. Ng'ombe banavuta sanduku juu ya kitu kama traîneau, gari isiyo na magurudumu, muntu eko anamwaga maziwa mbele ili iteleze. Padri wao anafungua kinywa ya maiti na kachombo ka fundi seremala, ili aweze kula na kujibu. Na nyuma, banamuke benye kulia. Onze, kumi na moja. Mikono juu, vumbi ku nywele, machozi imechorwa moja moja, kama mvua.

Bale banamuke balinishinda. Nilikuwa napata carreaux sawa, lakini ukiangalia, balionekana kama bantu banaita taxi. Wiki mbili. Padri naye hakujua kosa iko wapi. Siku moja Maman Furaha alipita na raclette yake, ile ya kusukuma maji ku sakafu, akasimama. Yee ni wa Uvira, na mu matanga zote za Bakivu hapa Bruxelles, yee njo anaanzisha nyimbo. Akaniambia, "Mutoto, hawa hawajafiwa."

Nikamwomba anionyeshe. Aliweka raclette chini. Akapandisha mikono ku kichwa, lakini hakuiweka tu. Aliiachilia. Viwiko vikaanguka mbele, shingo ikabeba uzito. Mikono ilikuwa inakamata kichwa kama kichwa inataka kuanguka. Padri alisimama toka ndoo yake, akaenda ku photo ya kaburi ya kweli na loupe, kioo ya kukuza. Viwiko. Ku photo vilikuwa mbele kidogo, nusu ya carreau. Wote tulikuwa tumeviona na hatukuviona.

Kisha Maman Furaha alichukua loupe, akaanza kubachambua. Huyu analipwa, alisema, angalia anavyoangalia mwenzake ili bapige kilio pamoja. Huyu pia. Huyu ni jirani. Huyu, pale chini, mwenye amepiga magoti na kushika miguu ya maiti, haangalii muntu: huyu njo muke wake. Padri alisema kama vitabu vinasema vile vile, lakini vitabu vilichukua kurasa quarante.

Toka siku ile ukuta ilitembea. Nilikuwa nimefika ku mwanamuke wa dix, wa kumi, wakati dada yangu aliniita ku téléphone.

Ilikuwa midi, katikati ya muchana, nilikuwa nimekaa inje ya hangar na mukate wangu. Koko wangu, Nabintu, alikuwa amekufa Kadutu. Yee njo alinilea. Mama yangu alikufa nikiwa wa kubebwa, na koko alininywesha uji na kunipiga na mwiko ile ile. Alikuwa ananiambia kila mara kama siku yake ikifika, miye njo nitarusha udongo wa kwanza, juu mukono yangu iko nyepesi.

Sikuweza kwenda. Niko na ile passeport ya bleu ya mukimbizi, yenye imeandikwa ndani kama unaweza kwenda nchi zote, isipokuwa yako. Basi tulimuzika kwa téléphone. Tulikaa mu salle moja ya Matonge, mutaa ya Bacongo hapa Bruxelles, viti vimezunguka ukuta, photo yake ku meza, na binamu yangu alikuwa anashika caméra kule. Niliona sanduku. Niliona mabega ya bantu, kamba, sanduku inashuka. Kisha réseau, mutandao, ikakata. Picha ilisimama na sanduku nusu ndani, nusu inje. Ilivyorudi, balikuwa bamekwisha kujaza na banagongesha majembe ili kutoa udongo.

Lundi, jumatatu, nilirudi kazini. Nilimaliza mwanamuke wa dix, nikamaliza wa onze. Nyuma yake, ku photo, kulikuwa nafasi tupu, upana wa carreaux quatre, kisha kona. Nilikuwa na burashi mu mukono na rangi ya ngozi ya wanaume mu kikombe, ile nyekundu ya matofali. Nilipiga carreaux. Nikachora mwanaume amechuchumaa, mukono moja ku paji ya uso, vile wanaume banalia mu kaburi zingine zenye Padri alinionyesha. Nilifanya kila kitu sawa na sheria. Kitu moja tu niliongeza, masikio yangu, juu sikutaka achanganywe na muntu mwingine.

Musifikiri nilisahau contrat. Niliikumbuka kila dakika. Mukono uliendelea.

Padri aliona kesho yake. Aliangalia murefu. Hakuniuliza cinq, aliuliza moja tu: ni nani alikufa? Nikamwambia. Akasema pole, akarudi ku ndoo yake.

Madame alikuja mercredi, jumatano, kukagua, na photo kubwa na kalamu. Alienda ng'ombe kwa ng'ombe, jicho kwa jicho. Alisema viwiko ni vya ajabu. Nilianza kupumua. Kisha akafika mwisho, kalamu ikasimama.

"Onze ku photo," alisema. "Na hapa naona douze, moja zaidi."

Hakuniangalia miye, aliangalia Padri. Padri alijibu kama swali ni ya mwenye alichora. Basi Madame aligeuka.

"Ni nani huyu?"

"Ni mimi, Madame."

"Anafanya nini pale?"

"Analia koko yake."

Maman Furaha alikuwa anapangusa dirisha. Kitambaa kikasimama. Madame alifunika kalamu yake, akaniambia, pole pole, kama bantu banakuja kuona yenye Misri ilifanya. Akimuacha huyu, kesho ataacha mwingine, na siku moja hakuna atajua yao ni gani na yetu ni gani. Alisema anasikitika kwa koko yangu, na niliona kama si neno ya mudomo. Lakini vendredi, kisha siku mbili, anarudi na contrat mu sac, na anataka kuona onze. Akikuta douze, anarudi nayo.

Alivyotoka nilikasirikia Padri, juu yee njo alikuwa karibu. Nilimwambia: Mon Père, wewe njo ulinifundisha kama kufuta picha ni kuua mara ya pili. Basi leo ni mimi nashika éponge ya kufuta, najiua mwenyewe, kwa ajili ya karatasi ya contrat?

Padri alisema kwanza kama Madame eko na haki. Ile haikunisaidia. Kisha akasema neno yenye sikusahau.

"Kule chini ya kaburi, katika chumba cha maiti, kuna picha nyingine. Nzuri kuliko hizi. Waliwasha taa, walifanya kazi miezi na miezi, kisha wakajaza shimo lote kwa mawe. Walimchorea nani?"

"Hakuna muntu, Mon Père. Hakuna mwenye angeona."

"Kijana, walimchorea aliyekuwa ndani."

Nilikaa chini. Niliangalia ukuta, na mu kichwa yangu mupaka rangi wa Kadutu aliamuka. Mu kazi ya nyumba, mwenye nyumba akikuambia toa hii alama, hauitoe. Kukwangua kunaharibu ukuta. Unaifunika. Madame hakusema nifute. Alisema anataka kuona onze.

Jeudi, kesho yake, asubui tulifanya kazi, na hii njo sehemu yenye vijana banapaswa kusikia vizuri, juu hakuna école inaifundisha. Rangi ya gundi haipendi maji, ukipiga enduit juu yake inayeyuka. Basi kwanza unapitisha résine nyepesi, kama mafuta ku ngozi. Ikikauka unaweka karatasi ya Japani, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, ile yenye banafundi ba musée banatumia kulinda picha. Kisha njo enduit, mara trois, nyembamba nyembamba. Siku moja mutu mwenye akili akiitoa pole pole, karatasi itatoka, na mwenye kuchuchumaa atakuwa pale, muzima, na masikio yake.

Mbele ya kuweka karatasi, Padri aliniambia ningoje. Aliniuliza jina ya koko. Nikasema Nabintu. Akaomba burashi na nyeusi. Miaka deux alikuwa hajagusa ukuta. Alishika mukono wake wa kuume na ule wa kushoto, akaegemea bega yangu, na akaandika mu alama za Wamisri, juu ya kichwa ya mwenye kuchuchumaa. Mawimbi ya maji, muguu, mawimbi tena, mukate mudogo. Ilichukua nusu saa. Mistari ilikuwa inapinda kama ya mutoto. Alinieleza kama bale hawakuandika sauti za a, i, u, basi pale imeandikwa N, B, N, T. Nikamuuliza kama koko atajua ni yee. Akasema bantu ba karani walijuana na herufi chache kuliko zile.

Tukaweka karatasi. Nilichanganya enduit. Nilishika truelle, mwiko ya fundi, kisha niliiweka chini. Ile ya kwanza niliichukua na mukono, kiasi ya kiganja, nikairusha. Ikapiga ukuta, ikashika. Nyuma yangu Maman Furaha alianza wimbo wa kuzikia, kinywa imefungwa, chini chini, na Padri alifanya alama ya musalaba, kisha akafanya kitu kingine na mikono, kitu ya Wamisri nafikiri, sikuuliza. Nilikuwa nimekwisha kumaliza maswali ya siku ile.

Kisha nilichukua truelle na nikafanya kazi kama muntu wa kazi.

Vendredi Madame alifika na sac. Alihesabu na kalamu, toka ng'ombe mpaka kona. Onze. Akahesabu tena. Kisha aliweka mukono wazi ku ile nafasi tupu. Mwenye amepiga plâtre anajua: plâtre mupya ni baridi. Unaweza kuifanya rangi moja na ile ya zamani, lakini ukiigusa inakuambia umri yake. Mukono ya Madame ilikaa pale. Ilikaa murefu kuliko ukaguzi inahitaji. Padri alikuwa anaangalia viatu vyake, Maman Furaha anapangusa dirisha yenye alikuwa ameipangusa mara trois.

"Onze," Madame alisema. Akatoa contrat, akaitia sahihi ku goti yake, akanipa. Na pale mulangoni aligeuka. "Hapo ku kona, uache ikauke pole pole. Usiikaushe na joto ya chauffage."

Nilifanya miaka mingine ku ile contrat. Tulimaliza plafond, dari, tulimaliza mulango wa marehemu, tulikata kaburi vipande na kuihamisha mu musée, na vumbi iliendelea kuingia mu mapafu yangu na miye nikiona ni mafua. Vaeni masque ku pua, vijana. Ile yenye banakupa bure ku chantier, iko pale kwa ajili yako. Padri alikufa mwaka yenye tulihamisha. Mu kanisa bandugu zake ba mission balikuwa bachache, bazee, wa kunyamaza sana. Maman Furaha aliniangalia, miye nikamuangalia, na yee akaanzisha wimbo wa kuzikia. Wabeleji baligeuka wote. Kisha muzee moja wa mission, mwenye alifanya Kivu pia, alijibu kiitikio.

Kama sasa Madame anasoma hii, bon, nafikiri hakuna kitu mupya namwambia. Na Kiswahili hajui.

Banauliza kama kazi ile naikosa. Naikosa asubui, saa ya kuchanganya rangi. Muntu mwenye hajasoma sana anaogopa kuuliza, anafikiri swali inaonyesha ujinga yake. Miye nililipwa miaka neuf kuuliza, na sijapata bado jibu ya ule maman wa mu kioo, moyo yake ilisema nini.

Docteur alikataza atelier, hakukataza musée. Mwezi uliopita nililipa ticket kama kila muntu, nikaingia mu kaburi. Kulikuwa groupe ya batalii, guide anabaonyesha banamuke, anasema onze, anasema angalieni viwiko. Nikangoja bapite. Nikaenda mpaka kona, nikainama, nikawasha taa ya téléphone na kuielekeza pembeni ya ukuta, vile unafanya kama unatafuta kosa ya mupaka rangi. Nilitafuta vizuri, juu na chini. Enduit yangu ilikuwa imekaa. Hata ufa moja hakuna.